Dume la Inchi Kumi: Tunamuaga Bwana Yoramu Kashindye

Tarehe 30 Juni 1959 Bwana Yoramu Kashindye, Mpimaji wa Samaki katika kituo chetu cha Tabora, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi aliniomba ukurasa mmoja wenye picha. Picha imepatikana. Ukurasa mmoja nimeshindwa, na namwambia mapema asinikatie maneno, kwa sababu mtu huyu ana kisa, na wapo wageni kituoni wanaokisimulia kichwa chini miguu juu.

Alizaliwa Usoke katika familia ya Wamoravian waliolima mihogo na karanga. Baba yake alimtaka awe mwalimu wa shule ya kanisa. Yeye alipenda maji, akaja mjini mwaka 1933 kuomba kibarua cha kuchimba mabwawa ya kufugia samaki. Mabwawa yalipokwisha kuchimbwa, wenzake walirudi kwao, yeye hakuondoka. Alijifunza kusoma inchi, kutenganisha jike na dume, kuandika vipimo bila kufuta, na vita vilipokwisha alikuwa tayari ni Mpimaji mwenye kofia ya kituo.

Kupima kulimwingia damuni. Mwuza mikate wa Kanyenye akimwona anakuja alikuwa akificha mikate iliyosinyaa. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, mkewe Josepha aliamka akamkuta mumewe amemlaza mtoto juu ya ubao wa kupimia samaki (ulioshwa vizuri, anaapa mpaka leo), akitangaza kwa furaha kwamba kichwa ni robo nzima ya mtoto, na kwamba kwa mtu mzima sivyo hata kidogo. Mama mkwe wake hakumsemesha mpaka siku ya ubatizo.

Lakini hilo ndilo somo alilolirudia kwetu sote tulioingia kituoni: mwili haukui wote kwa pamoja. Perege akiwa mchanga ni macho na kichwa tu, mkia umebandikwa kama nyongeza. Akikua, kiwiliwili hukimbia na kukiacha kichwa nyuma, mpaka kichwa kinabaki robo ya urefu wake. Hapo Bwana Yoramu alikuwa akifunga somo. Hakujua kwamba kuna hatua moja zaidi, na kutojua kwake nusura kumpeleke mtu jela.

Sheria tuliyoisimamia ilikataza kuuza perege aliye chini ya inchi tisa, kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia. Kwa samaki mzima hakuna shida, ubao upo. Shida ilikuwa perege wakavu wa mto Ugalla. Hao huja mjini wamekaushwa kwa moshi na kufungwa mitumba, kama walivyofungwa tangu enzi za wapagazi waliopita hapa na misafara ya kwenda Ujiji, na wengi wao huja hawana vichwa. Utampimaje inchi tisa samaki ambaye sehemu yake imebaki porini?

Mkuu wa kituo wa wakati huo, tuliyemwita Bwana Samaki, mzungu mwenye sauti ya chini na subira ndefu, alimkabidhi Yoramu swali hilo. Yoramu alikwenda soko la Kanyenye, akanunua perege wenye vichwa, kikapu baada ya kikapu. Aliwapima, akawakata vichwa, akawapima tena. Kichwa kilikuwa robo. Siku zote robo. Basi akachonga kijiti cha mninga chenye urefu wa robo tatu za inchi tisa: kiwiliwili kikifikia mwisho wa kijiti, samaki ni halali, kisipofikia, ni mchanga, na mzigo unakamatwa.

Kijiti kilipendwa mno. Nakala zake zilipelekwa masokoni na kwenye stesheni za reli, na wauza samaki wakakiita "kashindye", jina la mwenyewe. Ungesikia mwanamke anamwonya mwenzake sokoni, "Ficha hao wadogo, kashindye inakuja!" Yoramu akapandishwa kuwa Mpimaji Mkuu. Alitembea nacho kiunoni, na sisi tulimtania kwamba hata kanisani hakiachi.

Mwaka 1953 mvua zilikuwa haba. Kufikia Septemba mto Ugalla ulikuwa umekatika vipande vipande, samaki wamebanana katika madimbwi. Mwezi huo Bwana Yoramu alikamata mzigo wa Masele pale stesheni ya Usoke.

Masele alikuwa mkuu wa kambi moja ya wavuvi kule Ugalla, mtu mfupi wa maneno na mrefu wa hasira. Alikwisha kuonywa mara moja. Safari hii kijiti kilikataa karibu samaki wake wote wasio na vichwa, na Yoramu akamwuliza mbele ya abiria haoni aibu kuuza watoto wa samaki. Masele akajibu, "Hao ni wazee, bwana. Wana wajukuu." Watu waliangua kicheko. Yoramu naye alicheka. Kisha, kama kanuni zilivyotaka, mzigo ulichomwa moto nyuma ya ghala la stesheni, na Masele alisimama akiutazama mpaka moshi ukakatika.

Nataka msomaji aelewe kilichokuwa kinamngoja. Kwa kosa la pili, Masele angefungwa mpaka masika yapite, leseni ya kambi ingefutwa, na vibanda vingebomolewa. Watu wa kambi ile hawalimi cha kutosha. Samaki wakavu ndio wanaobadilishana kwa mtama na mahindi ili watoto wavuke miezi ya mvua. Kufunga kambi Septemba ni kuwaambia watu wasile mpaka mavuno.

Kabla ya kesi, Yoramu alitumwa kambini kuchunguza nyavu, ili ushahidi ukamilike. Hakuna aliyempa kigoda. Alipima macho ya nyavu, na hapo alipata shaka mara ya kwanza, kwa sababu yalikuwa mapana kuliko hata sheria ilivyotaka. Wavu wa namna ile perege mchanga angepita na ndugu zake wote.

Akaenda kwenye vichanja vya moshi. Alikuwapo mama mmoja mtu mzima, Koleta, mkaushaji wa kambi, ana kikapu cha vichwa vya samaki pembeni. Yoramu aliinama kidogo, akamwamkia kwa neno la Kinyamwezi la kumwita mama.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba. Umekuja kutumaliza?"

Yoramu alikuwa anatazama kikapu. Vichwa vile hakuwahi kuviona maisha yake: vyeusi, taya zimetokeza mbele, midomo minene, paji limebonyea. Akauliza ni samaki gani. Koleta alimtazama kama anayeulizwa jua linachomozea wapi.

"Perege. Dume lililokomaa. Likishaanza kutafuta wake na kupigana, kichwa kinakua, domo linapanuka hivi. Jike kichwa chake kidogo, hilo tunalifunga nacho. Sasa hili domo, baba, nikilifunga kwenye mtumba kamba itakaza wapi? Ukilegea, samaki wote wanafika unga."

"Mlianza lini kuyakata?"

"Tangu bibi yangu anawakaushia wapagazi. Vichwa ndivyo ujira wetu sisi wakaushaji. Ninyi wa mjini mlidhani tunavikata kwa uroho?"

Yoramu akaomba dume moja bichi, zima. Akaliweka kwenye ubao: lilifika inchi kumi. Akalikata kichwa, akachomoa kijiti kiunoni, akakilaza juu ya kiwiliwili. Kiwiliwili hakikufika. Akachukua lingine. Halikufika. Koleta anasema alikaa chini kwenye majivu na suruali yake ya kazi, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Maana sasa aliona kosa lote. Kule Kanyenye alinunua samaki wenye vichwa, na samaki wanaofika Kanyenye na vichwa ni majike na wadogo tu, kwa sababu madume makubwa vichwa vyao haviondoki kambini. Alichonga kijiti kwa kupima majike, kisha akakitumia kuhukumu madume. Madume ya mabwawa yetu hayakumwonya, kwani tunayatoa majini kabla hayajakomaa hivyo. Na mwaka ule wa ukame perege walikuwa wanakomaa wangali wafupi, kwa hiyo dume zima la inchi kumi, theluthi yake ikiwa kichwa, lilionekana mtoto. Masele alisema kweli. Walikuwa wazee.

Alirudi Tabora akaingia moja kwa moja kwa Bwana Samaki, nami nilikuwa mezani pangu pa ukarani, mlangoni. Bwana Samaki alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza maswali mazuri, magumu. Mkavu husinyaa, akasema, na hakimu atauliza kama ni moshi uliomfupisha. Lete wabichi, wa kila umri, majike kwa madume, na shahidi awaone wakitoka majini. Halafu akaongeza kwamba Yoramu akisimama barazani mbele ya hakimu kusema kijiti ni kibovu, wakubwa wa Dar es Salaam watauliza nani alikichonga, na cheo cha Mpimaji Mkuu yeye hana uwezo wa kukilinda.

Yoramu alisema, "Ndiyo, bwana. Naomba mapipa." Shahidi nikawa mimi.

Tulivua alasiri, siku moja kabla ya kesi. Masele mwenyewe aliingia majini na wavu. Tulipima pale ukingoni madume mengi mpaka mikono ikanuka, kisha tukachagua wa kusafiri: vifaranga, wadogo, majike, na madume manne. Lori la Shomari, mchuuzi wa asali, likatupakia usiku kwenda Usoke.

Tulifanya ujinga. Tuliyaweka madume pamoja katika pipa moja. Barabara inarusha lori, maji yanamwagika, na mle ndani wanapigana, wanaumana kwa yale mataya. Tulipofunua, moja lilikuwa limekufa. Tuliyatenganisha, kila dume na debe lake, na Yoramu akakaa katikati ya madebe akiyakumbatia kwa mikono na miguu ili yasipinduke.

Usoke gari moshi lilichelewa. Jua likapanda. Tulipopanda behewa la daraja la tatu maji yalikuwa yamepata joto, na samaki walianza kuja juu kutafuta pumzi. Dume la pili likageuka tumbo. Samaki aliyekufa kwa joto lile huvimba kabla ya mchana kwisha, na vipimo vya samaki aliyevimba havimwokoi mtu. Yoramu alichukua kikombe, akaanza kuchota maji na kuyamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa. Chota, mimina. Chota, mimina.

Mama mmoja aliyekuwa akienda kumtazama binti yake Tabora, Bi Sikuzani, akauliza kuna nini. Yoramu akamwambia kwa ufupi: wakifa hawa, kuna mtu atafungwa kwa kosa langu. Bi Sikuzani alitoa kata yake ya kunywea maji, akalivuta debe moja miguuni pake. Baada ya hapo behewa zima lilikuwa linachota na kumimina, wazee kwa akina mama wenye watoto mgongoni, mtu akichoka anampa jirani. Hakuna aliyefanya mzaha. Treni iliposimama porini bila sababu, nilisikia tu maji yakimiminwa, na mtu mmoja akiitukana injini kwa Kinyamwezi.

Tulifika barazani tukikimbia, madebe mabegani, nguo zimelowa. Wazee wa baraza walikuwa wamekaa, Masele amesimama kati ya askari wawili, na hakimu, Mzee Abbasi, alikuwa amekwisha kuwasikiliza mashahidi wote waliokuwapo. Mshitaki aliposema shahidi mkuu wa serikali amefika, alidhani tumekuja kumsaidia.

Yoramu aliomba meza. Aliwapanga samaki kwa umri, kifaranga upande mmoja, dume upande wa pili, wengine wangali wanapiga mikia. Alieleza kichwa kinavyokuwa kikubwa kwa kifaranga, kinavyoachwa nyuma na kiwiliwili, kinavyobaki robo kwa jike maisha yake yote. Kisha akanyanyua dume. Alipima mbele ya hakimu: inchi kumi. Alimwomba Mzee Abbasi asome mwenyewe, naye akasoma kwa sauti. Yoramu akakata kichwa pale pale mezani, akalaza kijiti juu ya kiwiliwili.

Hakikufika.

Dume la pili, vivyo hivyo. Damu ilidondoka kutoka mezani. Mzee Abbasi alikichukua kijiti, akakigeuzageuza.

"Hiki alikichonga nani?"

"Mimi, mzee."

"Na mzigo wa mtu huyu, aliukamata nani?"

"Mimi."

"Uko wapi sasa, tuupime upya?"

"Niliuchoma, mzee."

Sijapata kuona mtu mzima akisimama wima namna ile huku uso umevunjika. Mzee Abbasi alizungumza na wazee wake kwa kunong'ona, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Kisha akatamka kwamba Masele hana hatia na kambi yake ibaki na leseni yake. Watu wa kambi walipiga vigelegele. Masele hakupiga hata makofi. Alipita mbele ya meza, akasimama mbele ya Yoramu, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kambi nimeipata. Masika haya watoto watakula nini?"

Nilimkasirikia Masele, nakiri, maana niliona mwenzangu amekwisha kutoa alichokuwa nacho. Nilikosea. Masele alikuwa anauliza swali la haki, na Yoramu ndiye pekee aliyelichukua kama swali.

Cheo cha Mkuu kilikwenda mwezi uliofuata, kama Bwana Samaki alivyohofia. Yoramu hakungoja kukipokonywa. Asubuhi iliyofuata kesi aliomba likizo yake yote, akamuaga Josepha, akapanda treni kurudi Usoke, na kutoka hapo akaenda kambini. Aliingia majini na wavuvi wa Masele, akavuta wavu nao kila siku mpaka mvua ya kwanza. Hakuna aliyemwalika. Masele alimwonyesha mahali pa kushika kamba kwa kidole tu, na kwa wiki zote zile hawakusalimiana. Mto ulipofurika mitumba ilikuwa imefungwa, haikufika wingi wa samaki waliochomwa, ila ilitosha kubadilishana kwa nafaka. Yoramu alirudi kazini viganja vimechanika, hata kalamu ilimshinda, ikabidi nimwandikie mimi.

Baada ya hapo alizunguka soko kwa soko na stesheni kwa stesheni kwa baiskeli, akivikusanya vijiti vyake mwenyewe. Ndiye aliyependekeza perege wa Ugalla wapimwe kambini, wabichi, kabla kichwa hakijakatwa, na wakaushaji ndio wawe mashahidi wa kipimo. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hadi leo. Walioingia kituoni baada yake wanajua hatua tatu za perege, na wanajua kwamba ukitaka kupima samaki wa mtu, uanze kwa kuuliza wale wasiofika sokoni wako wapi. Hasira zake ndogo tutazikumbuka pia: ole wake aliyeegemeza kikombe cha chai kwenye ubao wake.

Cheo hakikurudi. Cheti atakachopewa kitasomeka Mpimaji, bila neno la ziada, na yeye hataki tulisemee jambo hilo. Nimelisemea.

Nilipokuwa nikikusanya salamu za ukurasa huu nilikwenda hadi kambini kumwomba Masele neno la kumuaga. Ameota mvi sasa. Aliendelea kushona wavu wake. Kisha akasema:

"Sina neno la kumuaga mtu anayekuja. Mwambie mahali pake kwenye kamba hapajashikwa na mtu."

Nilimfikishia Bwana Yoramu maneno hayo, neno kwa neno, mlangoni kwake Itetemia. Aliingia ndani bila kuniaga, na nilimsikia Josepha akimwuliza kwa nini analia.

Kwa niaba ya kituo chote, asante, kaka Yoramu. Nenda na afya, mama Josepha akiwa kando yako, na mto ukupokee kwa wema.

Eustace, karani wa kituo